Samaki Waliondoka, Wimbo Ukabaki

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wacheza ngoma, watunzi na waongozaji wa filamu, asubuhi ya kufungua warsha yetu. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, walimu wangu, wasanii wenzangu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuuchukua wimbo wa kale wa wavuvi na kuutengenezea ngoma na filamu. Nimechagua wimbo mmoja tu, nikae nao tangu mwanzo hadi mwisho, maana mada hii ikizungumzwa juujuu haimfundishi mtu kitu.

Wimbo wenyewe unaitwa Soran Bushi. Umetoka Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani, kwenye pwani ya magharibi inayotazama Bahari ya Japani. Huenda baadhi yenu mmewahi kuwaona vijana wa Kijapani waliovaa makoti mafupi ya kivuvi, wamechuchumaa hadi mapaja yanalingana na ardhi, wanacheza kwa kishindo huku wakipaza sauti: "Dokkoisho! Dokkoisho!" Wimbo ni huohuo. Ukiwatazama utadhani ni ngoma ya sherehe tangu iumbwe. Lakini ndugu zangu, wimbo ule ulikuwa wa kuteka samaki. Watu waliuimba usiku wa manane, mikono imekufa ganzi kwa baridi, ili wasisinzie wakatumbukia baharini.

Basi swali langu la leo ni hili. Kazi iliyouzaa wimbo ikishakufa, wimbo unabaki na nini? Na sisi tunaotaka kuucheza na kuupiga picha, tunaushika wapi?

Tuanze na kazi.

Kila mwaka theluji ilipoanza kuyeyuka, kati ya Machi na Mei, heringi walifika pwani ile kwa makundi ambayo leo ni vigumu kuyaamini. Heringi ni wa ukoo mmoja na dagaa wa baharini, ila mwili wake ni mkubwa zaidi. Walikuja kutaga mayai kwenye mwani wa maji ya kina kifupi, na madume walipoyarutubisha mayai yale, bahari yenyewe ilibadilika rangi ikawa nyeupe. Mtu aliyesimama ufukweni aliuona weupe huo kwa macho yake, akajua siku imefika.

Matajiri wenye nyavu waliajiri vibarua wa msimu. Wengi walikuwa wakulima na wavuvi maskini waliotoka Aomori, Akita na sehemu nyingine za kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Honshu. Walivuka mlango wa bahari, wakawekwa kwenye majumba makubwa ya mbao, tajiri na familia yake upande mmoja, vibarua upande wa pili, wakalala wamebanana, wakisubiri. Baadhi ya majumba hayo yamehifadhiwa mpaka leo, Otaru na Obira, na ukiyaona unashangaa ukubwa wa mihimili yake. Fedha ya heringi ndiyo iliyoyajenga.

Na samaki hao walikuwa wa nini? Wengine waliliwa, ndiyo, na mayai yao yalipendwa sana. Lakini sehemu kubwa ilichemshwa kwenye masufuria makubwa, ikakamuliwa mafuta, mashudu yakaanikwa yakawa mbolea. Mbolea hiyo ilipakiwa kwenye majahazi ikapelekwa kusini na magharibi mwa Japani, kwenye mashamba ya mpunga, ya pamba na ya mimea ya nili. Kwa hiyo mtu aliyevaa nguo ya pamba ya buluu mjini Osaka alikuwa na jasho la kibarua wa Hokkaido mwilini mwake, hata kama hakuwahi kulisikia jina la mahali hapo. Naomba mlishike hilo, maana wimbo wa kijiji cha wavuvi hauishii kijijini. Una soko nyuma yake. Una tajiri na una deni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kazi ya heringi haikuwa na wimbo mmoja. Ilikuwa na msururu wa nyimbo. Kulikuwa na wimbo wa kupiga makasia wakielekea kwenye nyavu. Wakifika, kulikuwa na wimbo wa kuinua wavu. Kisha ukafuata wimbo wa kuwateka samaki kutoka wavuni na kuwatia kwenye mashua za kubebea. Huo ndio Soran Bushi. Na mwisho ulikuwepo wimbo wa kupiga nyavu kwa fimbo, ili mayai yaliyong'ang'ania kwenye nyuzi yadondoke. Kazi nne, mapigo manne. Kasia linataka pigo refu, mwili ulale nyuma na kurudi. Wavu unataka pigo zito lenye kituo, maana watu hupumua kabla ya kuvuta tena. Kuteka kunataka pigo la mzunguko: zamisha, inua, pindua, zamisha tena. Fimbo inataka pigo jepesi la harakaharaka. Mtunzi wa ngoma akinipa pigo moja tangu mwanzo hadi mwisho wa onyesho, mimi najua hajauliza watu walikuwa wanafanya nini.

Hebu tukitazame kitendo hicho cha kuteka kwa karibu. Samaki walikuwa wamekwisha kutegwa baharini, wakahamishiwa kwenye wavu wa mfuko ulioning'inizwa chini ya mashua, na mashua ikasogezwa kuelekea pwani. Wamejazana mle ndani. Hapo huja wavu mwingine wenye mpini mrefu, wa kutekea. Ukijaa, mtu mmoja hauwezi. Mmoja anauzamisha, wenzake wanauvuta kwa pamoja mpaka ukingoni, unapinduliwa, samaki wanamwagika kwenye mashua ya pili. Tena. Na tena. Mchana kutwa, usiku kucha, maana bahari ikichafuka kabla mfuko haujaisha, mali yote inaweza kupotea.

Katika hali hiyo kiongozi anatoa mstari mmoja, wengine wanaitikia, na pale wanapoitikia ndipo mzigo unapoinuka. Mmenielewa? Kiitikio si pambo. Kiitikio ndicho kinachobeba samaki. Kiongozi akikosea pigo, mikono inapishana, mzigo unarudi majini. Beti zenyewe zilitungwa palepale: mapenzi, masengenyo, utani, na maneno ya chumbani ambayo siwezi kuyasema mbele ya wazee. Maneno hayo yalikuwa na kazi yake. Mtu anayecheka hasinzii.

Upo ubeti mmoja unaojulikana sana. Mvuvi anamuuliza shakwe: je, heringi wamefika? Shakwe anamjibu: mimi ni ndege, napita tu, kawaulize mawimbi. Basi, umekwisha. Hakuna shujaa, hakuna dhoruba, hakuna aliyekufa maji. Lakini mtu aliyeacha shamba na watoto, amekula mkopo, anamwuliza ndege kama msimu huu atapata kitu, na ndege anamrudisha kwenye mawimbi yaleyale anayoyatazama tangu alfajiri! Mimi nauona ubeti huo kuwa na huzuni kuliko maombolezo mengi niliyowahi kuyasikia. Na tazameni jinsi ulivyo ngoma tayari: uso unainuka kumtafuta ndege, kisha unashuka kwenye maji, na haupati jibu popote.

Kuna waliokwisha kuniuliza: kwa nini ngoma? Kwa nini tusiuache wimbo uimbwe tu? Nawajibu kwa mfano wa visiwa vya Faroe, huko kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, nako ni kwa wavuvi. Tenzi zao za kale hazina ala yoyote. Watu hushikana mikono wakafanya mnyororo, wakapiga hatua mbili kushoto na moja kulia, wakaimba beti kwa mamia, na kishindo cha miguu sakafuni ndicho ngoma yao. Kwao utenzi na mwili havijawahi kuachana. Anayecheza wimbo wa wavuvi haongezi kitu cha kigeni, anaurudishia kile ulichonyang'anywa.

Na ulinyang'anywa vipi?

Mwaka 1897 Hokkaido ilivua karibu tani milioni moja za heringi. Tani milioni moja, kwa nyavu za kamba na misuli ya watu! Baada ya hapo mavuno yakaanza kupungua, pwani ya kusini kwanza, kisha kuelekea kaskazini, yakipanda na kushuka, mpaka katikati ya miaka ya 1950 makundi ya masika hayakuja tena. Wataalamu wanataja uvuvi uliopita kiasi, mabadiliko ya joto la bahari, na misitu iliyokatwa. Kwa mvuvi hizo zote zilikuwa na maana moja. Alikaa ufukweni mwezi Aprili, bahari ikabaki na rangi yake.

Vibarua hawakuitwa tena. Nyavu zikaozea ghalani. Lakini wimbo haukufa, kwa sababu ulikuwa umekwisha kutoka majini zamani. Ulikuwa umeingia kwenye karamu, kwenye majukwaa, kwenye santuri na redio, ukasindikizwa na shamisen yenye nyuzi tatu na filimbi ya mwanzi. Waimbaji hodari waliuimba vizuri sana. Lakini waitikiaji walikuwa wamesimama wima, mikono mitupu. Wakati huo wimbo ulikuwa na sauti nzuri na hauna uzito wowote.

Sasa tufike kwenye ngoma, na hapa nitakawia kidogo.

Mji wa Wakkanai uko ncha ya kaskazini kabisa ya Hokkaido. Baada ya heringi kutoweka, mji huo uliendelea kuishi kwa uvuvi wa bahari kuu. Mwaka 1977 mataifa yalipojitangazia mipaka ya maili 200 za baharini, meli za Wakkanai zikapoteza sehemu kubwa ya maji zilimozoea kuvua. Mnaijua hali ya mji wa wavuvi usiokuwa na pa kuvua. Baba yupo nyumbani, kazi hakuna, na watoto wanaibeba hasira hiyo mpaka darasani. Miaka ya 1980 shule moja ya sekondari ya chini pale mjini ilijulikana kwa fujo.

Walimu wa shule hiyo, wakisaidiana na wazazi, walijaribu njia nyingi, na mojawapo ikawa ngoma. Waliuchukua Soran Bushi, lakini hawakuuchukua ule wa karamuni. Walichukua mpangilio mpya wa mwimbaji Itō Takio, mzaliwa wa Hokkaido, ambaye alikuwa ameutia wimbo kasi na sauti ya kukwaruza ya mtu anayeita kutoka mashua moja hadi nyingine. Juu ya muziki huo ukawekwa mchezo mgumu, wa kuchuchumaa chini kabisa. Mwaka 1993 wanafunzi wale wakang'ara kwenye mashindano ya kitaifa ya nyimbo na ngoma za asili. Kutoka hapo ukaenea. Ulionekana kwenye tamthilia maarufu ya televisheni, ukaigizwa katika filamu, na leo shule nyingi sana za Japani huucheza siku ya michezo, hata zile za milimani, mbali na harufu ya bahari.

Tuutazame mwili wa mchezo huo. Miguu imepanuliwa kuliko mabega. Kiuno kiko chini, na hakipandi, kwa sababu mtu anayesimama wima kwenye mashua inayoyumba anaanguka. Mkono unafagia mbele taratibu, hilo ni wimbi. Ngumi mbili zinavuta kutoka chini kwenda kifuani, hiyo ni kamba. Bega linainama na kuinuka, huo ni mzigo wa samaki unaobebwa mgongoni kupanda kutoka ufukweni. Mtoto wa miaka 13 ambaye hajawahi kugusa wavu, mapaja yanamtetemeka, jasho linamtoka, na kwa dakika chache mwili wake unajua kitu ambacho babu yake alikijua. Hilo haliwezi kufanywa na kitabu.

Karibu wakati huohuo, mwaka 1992, mjini Sapporo, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Hokkaido alianzisha tamasha. Alikuwa ameona ngoma ya mitaani ya Kochi, kusini mwa nchi, ambako wachezaji hushika vibao vidogo vya mbao vinavyolia, vya asili ya kufukuzia ndege mashambani. Akaileta Sapporo na kuifungamanisha na wimbo wa wavuvi. Tamasha lilianza na vikundi 10, sasa hufika mamia, kila mwezi wa sita. Masharti yake yalikuwa mawili: ushike vibao hivyo, na ndani ya muziki wako usikike walau msemo mmoja wa Soran Bushi. Yaliyobaki, fanya utakavyo.

Wapo wazee wa nyimbo za asili waliokereka. Mimi nawaelewa, lakini siko upande wao kikamilifu. Wimbo uliotungwa papo hapo mashuani, kila usiku na beti zake, haujawahi kuwa na umbo moja la kulindwa. Anayetunga upya yuko karibu na vibarua wale kuliko anayenakili.

Ila nina neno kwa vijana, na nalisema kwa mapenzi. Ngoma hii imepata kasi, imepata rangi, imepata kelele za furaha. Imepoteza uzito. Hakuna binadamu anayeteka samaki kwa kasi ile. Mikono inavuta kamba lakini ukiitazama unaona kabisa hakuna kitu upande wa pili. Mimi huwapa wanafunzi wangu ndoo iliyojaa maji na kamba, nikawaambia waipandishe kutoka chini ya ngazi mara nyingi mfululizo, bila muziki. Baada ya muda wanaanza kuhema kwa pamoja, wenyewe, hakuna aliyewaambia. Baada ya muda zaidi mmoja anaanza kutoa sauti. Hapo ndipo nasema: sasa wekeni ndoo chini, rudieni. Na mgongo unakumbuka. Mtazamaji anaiona ndoo ambayo haipo.

Uzito, ndugu zangu. Nitalirudia neno hili mpaka mnichoke. Uzito.

Sasa filamu. Ngoma inaupa wimbo mwili. Filamu inaupa mahali, sura na muda. Lakini kamera ni kitu cha hatari, na nina visa vitatu vya kuwasimulia.

Cha kwanza ni cha furaha. Mwaka 1945, Marekani, mtengeneza filamu Maya Deren alitengeneza filamu fupi sana, ya dakika chache, bila sauti, pamoja na mcheza ngoma Talley Beatty. Mchezaji anainua mguu msituni, na mguu huohuo unashuka ndani ya chumba. Hatua moja, mahali pawili. Deren alikuwa anatuonyesha kwamba kamera na mkasi wa mhariri navyo vinacheza. Mnaona linalowezekana? Mkono unazamisha wavu usiku wa theluji, na unapoinuka unainuka ukumbini, mbele ya watoto wa shule. Ngoma peke yake jukwaani haiwezi kufanya hivyo. Miaka sitini kati ya mwanzo wa kitendo na mwisho wake, na mwili haukukatika.

Cha pili ni cha kutuonya. Mwaka 1934 Robert Flaherty alitoa filamu juu ya wavuvi wa visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland. Picha zake za mawimbi hazijazeeka mpaka leo. Katika filamu hiyo watu wa visiwani wanamwinda papa mkubwa kwa vyusa ili wapate mafuta ya kuwashia taa zao. Ni tukio kubwa, la kutisha. Tatizo ni kwamba watu wa Aran walikuwa wameacha uwindaji huo miaka mingi nyuma, ikabidi wafundishwe ndipo wapigwe picha. Hata ile familia tunayoipenda haikuwa familia. Walichaguliwa mmojammoja kwa sura zao. Watu wale walihatarisha maisha yao kwenye mashua nyepesi kwa ajili ya kazi isiyokuwa yao tena, na dunia ikaamini ndivyo wanavyoishi.

Nauliza: kuna ubaya gani kuigiza ya kale? Hakuna! Sisi wote hapa tunaigiza ya kale. Ubaya ni kuyavika ya kale nguo za leo kisha ukanyamaza. Filamu ya Soran Bushi ikionyesha mashua zimesheheni heringi wa zamani, bila kumwambia mtazamaji kwamba makundi yale yalitoweka, itakuwa imeficha jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kuupata wimbo huo. Lipigeni picha ghala tupu. Ipigeni picha bahari isiyobadilika rangi. Mcheza ngoma aizamishe mikono yake katika maji yasiyo na samaki, na aitikie vilevile.

Cha tatu kinahusu ulimi. Mwaka 1948 Luchino Visconti alikwenda kijiji cha wavuvi cha Aci Trezza, Sicily. Waigizaji wake wakawa wanakijiji wenyewe, nao wakazungumza kwa lahaja yao ambayo Waitalia wengi wa bara hawakuielewa, ikabidi iwekwe sauti ya msimulizi wa Kiitaliano. Hakuwalazimisha waseme Kiitaliano sanifu. Kuna picha ya wanawake wamesimama juu ya miamba, wamejifunga nguo nyeusi, upepo unawapiga, wanatazama baharini wakingoja mashua. Hawachezi ngoma, lakini mcheza ngoma yeyote anaweza kujifunza kusimama kutoka kwao.

Nimewataja wanawake kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma.

Wimbo wa kuteka uliimbwa na wanaume mashuani. Lakini samaki wakishafika nchi kavu, nani aliwabeba kwa masanduku ya mbao mgongoni? Nani alikaa chini siku nzima akiwapasua mmoja mmoja, akitoa mayai huku na matumbo kule, vidole vimechanika? Kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake, na watoto pia. Kitendo kile cha bega linaloinama ambacho leo kinachezwa kwa ubavu wa kiume, kwenye ufukwe wa zamani kilikuwa kikifanywa na mama mwenye mtoto aliyemwacha nyumbani. Mtunzi wa ngoma, je, umempa nafasi?

Na kabla ya vibarua kutoka Honshu, ni nani aliyekuwa pwani ile? Hokkaido ni ardhi ya Waainu. Wafanyabiashara wa Kijapani walipopewa haki ya kuendesha vituo vya biashara na uvuvi huko, waliwatumikisha Waainu kwenye uvuvi na kwenye utengenezaji wa mbolea hiyohiyo niliyowaeleza, kwa malipo duni, mbali na vijiji vyao, na maradhi yakawamaliza wengi. Mwaka 1789 Waainu wa Kunashir na Menashi, upande wa mashariki, waliinuka dhidi ya mateso ya vituo hivyo. Uasi ukazimwa, na Waainu 37 wakauawa kwa kukatwa vichwa. Serikali ya Japani imekuja kuwatambua Waainu kisheria kuwa wenyeji asili wa nchi ile mwaka 2019.

Hayo hayamo katika beti maarufu za Soran Bushi. Je, mimi naweza kuyatia? Sidhani nina haki ya kutunga ubeti wa Kiainu na kuuweka kinywani mwa mtu. Waainu wana nyimbo zao na ngoma zao, na wapo hai, wanazicheza. Ninachoweza kufanya kama mtunzi ni kuacha nafasi. Katika duara la watekaji, nafasi moja ibaki wazi, mzigo upite juu yake, wenzake wawili waelemewe kwa sababu hayupo. Kamera ikae pale. Na kama kuna msanii wa Kiainu anayetaka kuingia katika nafasi hiyo, aingie kwa masharti yake, kwa lugha yake, na jina lake liandikwe pamoja na watunzi.

Niseme machache ya kiufundi kabla sijakaa, kwa ajili ya wahariri na mafundi sauti.

Rekodini wimbo watu wakiwa wanafanya kazi, si wamesimama mbele ya kipaza sauti. Ile pumzi inayokatika kati ya maneno msiifute. Kisha mkifika mezani, msikate picha pale kiongozi anapoanza kuimba. Kateni pale wengine wanapoitikia, maana uzito unahama hapo. Mjaribu muone tofauti. Na acheni muda wa kusubiri ubaki kwenye filamu. Vibarua wale walikaa siku nyingi ndani ya nyumba wakisikiliza upepo kabla ya kazi ya siku chache za wazimu. Mkiionyesha kazi bila kungoja, mtazamaji hataelewa kwa nini mtu amwulize ndege.

Tena kuna habari mpya ambayo filamu ya leo haiwezi kuipita. Kuanzia miaka ya 1990 Hokkaido imekuwa ikizalisha vifaranga vya heringi na kuviachia baharini, na nyavu za siku hizi zinawaacha wadogo wapite. Katika miaka ya karibuni, kwenye baadhi ya sehemu za pwani ileile ya magharibi, mwishoni mwa baridi bahari imeonekana tena ikigeuka nyeupe. Si kwa wingi wa mwaka 1897, hata kidogo. Lakini wapo wanafunzi waliojifunza kuvuta wavu kwanza kwa ngoma, ndipo wakamwona samaki mwenyewe. Ningependa sana mmoja wenu aende akawapige picha.

Baada ya chai tutagawanyika makundi manne: makasia, kuinua, kuteka na fimbo. Kamba zipo nje, na ndoo zimekwisha kujazwa. Wapiga picha, leo asubuhi kamera zibaki mezani, nanyi mtavuta. Muziki hautawashwa mpaka saa nane. Kila kundi lichague kiongozi wa kutoa mstari, na kiongozi huyo asiwe mwenye sauti nzuri kuliko wote. Mchagueni anayesikiliza pumzi za wenzake.

Asanteni. Twendeni nje.